Upinde wa Mkole na Viazi Vyangu

Ninyi wajukuu na wenzenu mtakaosoma haya, kaeni vizuri na msinikatishe katikati kuuliza kama ni kweli. Nyama mnanunua imekatwa tayari. Geita mnakwenda kwa pikipiki na kurudi siku hiyohiyo. Mkisikia bibi alipiga nguruwe pori kwa mshale mnaangaliana na kuziba midomo. Nimewaona. Ndiyo sababu nimeandika mwenyewe, kwa mkono ulioanza kushika kalamu kwenye darasa la watu wazima ukiwa umeshaota sugu za jembe. Mkono huohuo ndio ulioshika upinde.

Mimi nilizaliwa upande wa Ibadakuli, nchi iliyo wazi. Ukisimama nyuma ya nyumba unamwona ng'ombe akienda mpaka anakuwa mdogo kama kuku. Kwetu kulikuwa na pamba, mtama, mifugo na vumbi. Nguruwe pori nilikuwa namsikia kwenye hadithi tu. Nikaolewa upande wa Ushetu, kwenye miti, na siku ya kwanza kwenda kuteka maji nilifikiri nimepotea kwa sababu sikuweza kuona mbali.

Mama mkwe alicheka mpaka akatua mtungi. "Mayu," akaniambia, maana huko mwanamke yeyote ni mayu, ni mama, hata kama ameolewa jana, "kwenu macho yamezoea kutembea bure. Huku yaweke karibu. Kitu kiko hapo hapo miguuni."

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno. Baba mkwe alikuwa mtu wa ugoro na hasira ndogondogo. Na mimi na baba mkwe hatukusemeshana. Hatukuwa na ugomvi. Ndivyo ilivyokuwa heshima ya kule. Mke wa mtoto hamsemeshi baba wa mumewe, hali mbele yake, hamtazami usoni. Mkikutana njiani wewe unaacha njia, unaingia majanini, unageuka mpaka apite. Yeye naye akitaka kukuambia jambo anamwambia mkewe, na mkewe anakuambia wewe, hata kama ninyi watatu mko kwenye ua mmoja na kila mtu amesikia. Niliishi hivyo miaka, nikazaa watoto, na sikuwahi kupokea neno moja kutoka kinywani mwake moja kwa moja. Nilimjua kwa mgongo wake. Ningeweza kuutambua mgongo ule katikati ya mnada.

Mwaka ninaousema, mume wangu alikuwa Geita. Mgodi mkubwa wa zamani ulikuwa umefungwa, lakini watu walikuwa wanaingia kwenye mashimo yaliyoachwa na nyundo na karai, wakisema dhahabu haijafungwa. Alipanda viazi pamoja nami, akapandisha matuta vizuri, sitamnyima hilo, kisha akabeba blanketi lake akaenda. Upinde wake akauacha umelala juu ya boriti.

Sasa elewa hali ya shamba. Tulikuwa tumehamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mistari kama pamba, mashamba yamebaki kulekule msituni. Zamani mtu alilala karibu na viazi vyake. Sasa viazi vililala peke yao, na nguruwe walijua. Mtama wa mwaka ule ulikuwa umekwisha kuliwa na ndege, kweleakwelea, tukavuna mabua. Kwa hiyo viazi vile ndivyo vilikuwa kila kitu. Tungevikata vipande na kuvianika viwe michembe. Vingine tungevichemsha kwanza, ndipo tukate na kuanika, hayo ni matobolwa. Hicho ndicho kingekuwa chakula cha watoto wangu na cha wazee wale wawili mpaka mahindi mabichi mengine. Viazi vikiisha shambani, ningefunga mlango na kurudi Ibadakuli na watoto kuomba kwa ndugu zangu. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu kichwani nani atanipokea vizuri na nani atanipokea kwa kuguna, na wa kuguna walikuwa wengi.

Asubuhi moja nikakuta matuta ya mwisho, yale ya upande wa msitu, yamefumuliwa. Mimi sikuwahi kuona kitu kama kile. Ng'ombe akiingia shambani anakula kwa adabu, anaanza hapa anamalizia pale. Nguruwe anakula kama mtu aliyekukasirikia. Anageuza tuta zima, anatafuna kiazi nusu, anakitupa, anakanyaga majani, anakojoa, anakwenda tuta lingine. Nilisimama pale na jembe. Sikulia. Nilianza kuokota vilivyong'atwa nusu, maana nusu nayo ni chakula.

Wanaume wa kijiji walikuwa wakifanya msako wa nguruwe kila mwaka majani yakianza kukauka. Mkuu wa msako alikuwa binamu wa mume wangu, yaani shemeji yangu, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Nikamkuta kwake ananoa mkuki.

"Shemeji," nikamwambia, "anzeni na shamba langu."

"Shemeji, unajua utaratibu. Shamba lenye upinde ndilo linaloanziwa. Mwenye shamba anasimama na upinde wake mahali nguruwe watakapotokea. Lisilo na upinde linasubiri."

"Upinde upo."

"Upo kwenye boriti. Boriti haipigi nguruwe. Nani ataushika?"

Baba mkwe alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda. Akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayetaka kuonekana. Alikuwa amepiga nguruwe wengi katika ujana wake, na bado ndiye aliyekuwa akitengeneza pinde na mishale ya kijiji kizima. Lakini macho yalikuwa yameingia ukungu. Mwaka uliotangulia alipiga mzinga wa nyuki akidhani ni kitu kimelala kwenye tawi, na msako mzima ulirudi nyumbani kwa mbio, mbwa wakiwa mbele.

"Baba," shemeji akamwambia kwa upole, "sisi tunakuheshimu. Nyuki ndio hawakukuheshimu."

Watu wakacheka. Mzee akafungua kopo lake la ugoro, akalifunga bila kunusa. Mimi nikasema, "Nitaushika mimi."

Wakacheka zaidi. Shemeji alifuta machozi. "Shemeji, upinde si mwiko wa ugali."

"Najua. Mwiko ninao tayari."

"Haya. Mpaka siku ya msako ukiweza kupiga kibuyu, nitaanzia shamba lako. Usipoweza, utapika, na sisi tutakula."

Niliondoka nikijua kwamba nimesema jambo ambalo silijui. Kwetu Ibadakuli mwanamke haugusi upinde wa mumewe hata kuupangusa vumbi. Sikujua hata upande upi unatazama mbele.

Jioni, jua bado lipo, nimekaa jikoni, nikasikia baba mkwe anaongea kwa sauti uani.

"Mwambie mke wa mwanao ateremshe upinde."

Mama mkwe alikuwa anabangua karanga kwenye ungo. "Umesikia," akaniambia bila kuinua kichwa. "Teremsha."

Hivyo ndivyo nilivyoanza masomo. Upinde ulikuwa wa mti wa mkole, mweusi kwa moshi na mafuta, na upote wake, ule uzi wa kuvutia, ulikuwa wa ukano wa ng'ombe uliosokotwa. Kwanza mzee alichukua maji kinywani, akayapuliza kuelekea mawio ya jua, akasema na wazee wake waliotangulia kwa sauti ndogo kwamba anayeshika ni mwanamke kwa sababu nyumba haina mwingine, na wasione vibaya. Kisha akageuza kigoda, akanipa mgongo, akatazama zizi. Mama mkwe na ungo wake akakaa katikati yetu.

Mtauliza alinifundishaje bila kuniona. Alinisikia. Upote ukiachiwa unalia, na yeye alijua kila kilio. Ukilia mwembamba, mkono umevuta nusu. Ukilia kwa kukwaruza, umegusa kiwiko. Na kiwiko changu kilijua hilo kabla yake.

"Mwambie upinde haushikwi kama shingo ya kuku."

"Baba anasema legeza mkono kidogo," mama mkwe akanifikishia.

"Sikusema hivyo. Nimesema shingo ya kuku."

"Nimempelekea kwa njia yangu. Wewe tazama zizi."

Nikavuta, nikaachia. Mshale ukaanguka karibu na kidole changu cha mguu kama mtu aliyezimia.

"Mwambie nimewahi kusikia mwewe akijamba kwa nguvu kuliko huo."

"Baba anasema unaendelea vizuri."

Siku ya pili mshale ukaenda kwenye paa. Siku nyingine ukapita pembeni ya kibuyu kilichowekwa juu ya gogo, ukaenda kuchoma ungo wa karanga, na karanga zikamwagika mapajani mwa mama mkwe. Kuku wakaja mbio kuokota. Mama mkwe akauangalia mshale umesimama katikati ya ungo wake, akamgeukia mumewe.

"Na hili sasa nimwambie nani?"

Mgongo wa baba mkwe ukaanza kutikisika. Nilifikiri ni kikohozi. Alikuwa anacheka, na alicheka mpaka ugoro ukamwagika. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Nikaingia jikoni nikacheka huko, kwenye moshi, kwa heshima.

Kisimani wanawake walinisubiri. "Wifi, ukishika upinde, nani atashika mwiko? Au mkweo ndiye atasonga ugali?"

"Mwiko utashikwa na atakayekuwa na kitu cha kusonga," nikawajibu. "Ninyi matuta yenu ya upande wa msitu mmeyaangalia?" Wawili waliacha ndoo wakaenda kuangalia.

Vidole vilichubuka, bega likavimba. Usiku nililala upande mmoja. Lakini jioni moja nikavuta mpaka kidole gumba kikagusa shavu, nikaacha kufikiri, nikaachia. Upote ukalia mnene. Kibuyu kikapasuka. Kabla sijasema kitu, mzee, akiwa ametazama zizi, akasema:

"Mwambie huo ndio."

Mama mkwe akaniangalia. Safari hii hakubadilisha. "Anasema huo ndio," akaniambia.

Shemeji alikuja kushuhudia, nikampasulia kibuyu kingine, akaokota kipande chake akakigeuzageuza. "Haya," akasema. "Kibuyu hakina meno. Tutaona."

Siku ya msako tulitoka mapema, umande bado mzito. Watu walisalimiana mwangaluka, mwangaluka, kila mmoja na jina la ukoo wake, mbwa wamefungwa kamba, wengine wamebeba madebe ya kupiga. Baba mkwe alinipa mishale yake mwenyewe, yenye manyoya ya kanga na alama yake ya mikato kwenye ufito. Aliituma kwa mkono wa mama mkwe, na agizo: nisiguse mfuko wa sumu wa mtu yeyote. "Mwambie mshale ukipita nyuma ya mguu wa mbele, sumu ya nini." Kisha akasema yeye anakuja. Shemeji akasita. Mzee akasema yeye haji kupiga, anakuja kusikia, na masikio yake hayana ukungu. Akamchukua na mbwa wake mzee, mbwa aliyekuwa amebakiza meno ya kutafunia uji.

Utaratibu wa msako ni huu. Nguruwe mchana wanalala kwenye kichaka kizito. Watu wa madebe na mbwa wanazunguka upande wa mbali, wanapiga kelele, nguruwe wanatoka upande wa pili wakifuata vijia vyao, na huko wenye pinde wanasubiri. Shamba langu lilianziwa, kama tulivyopatana. Lakini shemeji alinipanga pembeni kabisa, kwenye kichuguu cha kona.

"Shemeji, kaa hapa. Hapa hapajawahi kupita kitu. Utalinda kivuli."

Mimi nikasimama upande mmoja wa kichuguu, nikitazama kichaka. Baba mkwe akakaa upande wa pili na mbwa wake, ametazama matuta ya viazi, ili asinione. Mama mkwe akakaa katikati, mtoto wangu mdogo akiwa mgongoni mwake. Mtoto akaanza kulia. Shemeji akaja mbio kwa kunyata, jambo lililokuwa gumu kwa mwili wake.

"Mama, mtoto huyo atawafukuza nguruwe kabla ya mbwa. Mrudishe nyumbani."

"Na hawa wawili je? Nani atasema kati yao?"

"Watanyamaza. Hapa ni kwenye msako, si barazani."

Mama mkwe akainuka, akatuangalia kama mtu anayeacha vyungu viwili motoni. "Haya. Mnyamaze mpaka nirudi," akasema, akaondoka.

Tukanyamaza. Ndege wakaanza kuimba upya. Nikaona tuta langu la kwanza, majani yake mabichi yana umande, na nikamwambia Mungu kwamba nakuomba hili tu, mengine nitafanya mwenyewe.

Madebe yakaanza mbali. Mbwa wakabweka. Sauti ikaja ikikaribia, na mimi sikuona kitu. Ndipo nikasikia mzee anaongea, upande wa pili wa kichuguu, kwa sauti ya chini.

"Wewe mbwa," akasema, "wanatoka upande wa mto. Ni wengi."

Mbwa hakujibu.

"Wewe mbwa, mtu mwenye akili angeweka mshale kwenye upote sasa hivi."

Nikaweka mshale.

"Wewe mbwa, wamegeuka. Wanakwenda kwa wengine. Ah."

Na kweli, mbali mkono wa kushoto nikaona migongo inapita kwenye majani, na wanaume wakipiga kelele, na mishale inaruka. Nilijua watapiga mmoja au wawili, na wengine watarudi usiku kwenye viazi. Nikageuka kidogo kuangalia shamba langu. Ndipo nikaliona.

Dume. Lilikuwa limejitenga na wenzake, limezunguka kimya kwa nyuma, na sasa lilikuwa limesimama mwisho wa tuta, upande aliokaa baba mkwe. Kubwa, jekundu, nywele za mgongoni zimesimama, meno yametoka pembeni mwa mdomo. Mzee alikuwa amepindisha kichwa kuelekea kelele za msako, kulikokuwa na sikio lake. Upande ule alikuwa na macho tu, na macho yake yalikuwa ukungu. Mbwa alikuwa amelala. Dume likainamisha kichwa.

Watoto wangu, sasa nyote mtasema ungeita, Baba, hama. Ndivyo mngefanya ninyi. Lakini ulimi wangu haukuwa na njia ile. Miaka yote kinywa changu kilikuwa kimefundishwa kwamba neno la kwenda kwa mtu yule linapita kwa mtu mwingine. Nikafungua kinywa, na kikatoka kile kilichokuwemo.

"Mama, mwambie baba nguruwe yuko mbele yake!"

Mama mkwe alikuwa kijijini anabembeleza mtoto.

Na mzee, bila kugeuka, akajibu kwa sauti kubwa, "Mwambie nimesikia!"

Akaruka. Mtu aliyekuwa akishikwa mkono kupanda kitanda alipanda kichuguu kile kama tumbili, fimbo ikabaki chini, kofia ikabaki chini. Dume likapita mahali alipokuwa amekaa, likapiga kichuguu kwa bega, udongo ukamwagika, mbwa akaamka na kukimbilia nyumbani bila kuaga. Kisha dume likageuka likaniona mimi.

Sikumbuki woga. Nakumbuka kidole gumba kikigusa shavu. Nakumbuka nikijiambia legeza mkono kidogo, kwa sauti ya mama mkwe, na shingo ya kuku, kwa sauti ya mzee, yote pamoja. Dume likanipa ubavu lilipokuwa likiruka tuta. Nikaachia. Upote ukalia mnene.

Likaenda. Liliingia katikati ya viazi vyangu likikimbia, likafumua tuta moja, la pili, nikasema basi, linamaliza shamba hata likifa. Kisha miguu ya mbele ikakunjika, likaanguka likiwa limekumbatia tuta la tatu.

Kutoka juu ya kichuguu:

"Mwambie, ule nimeusikia. Umeingia?"

"Mama, mwambie umeingia."

"Mwambie, limeanguka?"

"Mama, mwambie limeanguka. Na wewe... mwambie ashuke taratibu, fimbo iko chini."

Hapo ndipo shemeji na wenzake walipofika mbio. Wakatukuta tuko wawili tu kwenye kona ile, mzee yuko juu ya kichuguu hana kofia, mimi niko chini na upinde, na tunamsemesha mwanamke ambaye hayupo. Shemeji alitazama huku na huku akimtafuta. Alipoelewa, alikaa chini kwenye tuta. Hakuweza kusimama. Wanaume wazima walilala kwenye viazi vyangu wakicheka, mpaka ikabidi niwafukuze kwa mguu, maana viazi vilikuwa vimekwisha kunusurika kwa nguruwe, sikutaka viharibiwe na watu.

Mikuki ilimaliza kazi iliyobaki. Wengine walikuwa wamepiga nguruwe wawili. Waliosalia walivuka mto na mwaka ule hawakurudi upande wetu. Jioni nyama ikagawiwa kijijini. Wanaosali Ijumaa hawali, na wanaosali Jumamosi hawali, nao walituletea chumvi na kuni na kusimama upande wa upepo, wakidai wasimuliwe upya. Sisi wa Jumapili, na wale wasio na siku, tukala kwa niaba ya wote.

Utaratibu wetu ni kwamba mguu wa nyuma unakwenda kwa mwenye mshale uliotangulia kuingia. Shemeji akachomoa mshale, akaufuta, akaisoma ile mikato. "Alama ni ya mzee," akasema. "Mguu ni wa mzee."

Baba mkwe akaupokea. Akasimama nao pale mbele ya watu, damu ikimdondokea kwenye ndala. Kisha akafanya jambo ambalo wengine walidhani amechanganyikiwa na kupanda kichuguu. Akageuka, akanitazama. Mimi nikainamisha kichwa, nikatafuta majani ya kuingia, lakini tulikuwa uani na hapakuwa na majani. Akauweka mguu ule wa nguruwe mbele yangu.

"Huu ni wa kufungua kinywa," akasema. Kule heshima ile inaweza kufunguliwa kwa zawadi, mbele ya watu, mkubwa akitaka. Wengi hawataki mpaka wanakufa.

Mama mkwe akaweka mikono kiunoni. "Na mimi? Kazi yangu imekwisha?"

"Ulikuwa unaifanya vibaya," mzee akamwambia. "Nilisema shingo ya kuku."

Watu wote wakangoja asikike neno la kwanza. Mzee akasafisha koo. Nafikiri alitafuta kitu kikubwa, hakukipata. Akaniuliza:

"Chumvi ipo?"

"Ipo, baba," nikasema.

Basi. Ni hilo tu. Lakini nilikwenda jikoni kuichukua chumvi ile na sikuiona kwa sababu ya machozi, na haikuwa moshi.

Habari ilifika Geita kabla ya sisi kumtumia mtu. Wachimbaji walikuwa wakimwita mume wangu mume wa mpiga nguruwe, na mtu akitaka kumpa karai shimoni alimwambia mwenzake, "Mama, mwambie baba apokee." Alichoka, akarudi. Alirudi na kitenge changu na blanketi lilelile, akakuta viazi bado havijachimbwa, vimenona ardhini. Akasalimia wazazi, akala, kisha akaangalia boriti.

"Upinde wangu uko wapi?"

"Umelegezwa uzi, umepakwa mafuta, uko kwangu," baba mkwe akamjibu. "Na si wako."

Hapo wakakosana. Mwana akasema upinde ni wake, alipewa. Baba akasema alipewa autumie, si aulaze. Asubuhi tukaenda shambani wote kuchimba, jua zuri, nyasi za kuanikia michembe zimekwisha kutandazwa, watoto wanakimbizana na vikapu, yule mbwa mzee amelala kwenye kivuli cha kichuguu. Mume wangu akashika mwanzo wa tuta, baba yake amekaa mwisho akipangusa udongo kwenye viazi, na hawasemeshani. Mimi niko katikati na jembe.

"Mwambie baba," mume wangu akaniambia, "asogeze kikapu."

"Mwambie huyo," mzee akasema, "kikapu hakina miguu, aje akifuate."

Mama mkwe alikuwa tuta la pili. Alinyoosha mgongo, akaniangalia, akatabasamu. Alikuwa anangoja aone kama nitairithi kazi yake.

Nikachomeka jembe kwenye ardhi. Mimi nilikuwa mke tu katika nyumba ile, tena mke wa kuja kutoka nchi isiyo na miti, na sikuwahi kumwamuru mtu mkubwa jambo lolote. Lakini chakula kile chote kilichokuwa mbele yao kilikuwa kimebaki ardhini kwa mkono wangu, na wote wawili walijua.

"Sikilizeni," nikasema. "Kuanzia leo, katika nyumba hii, mwenye neno na mwenzake amwambie mwenyewe. Upinde utakaa kwa yule atakayelala shambani msimu ujao. Sasa wewe chukua kikapu, na wewe baba mpishe apite. Viazi hivi viishe kabla jua halijawa kali. Na yule mbwa msimwamshe."